Kamera Mpya Yenye Aibu: Haki ya Mnunuzi na Wajibu Wake

Wengi wetu siku hizi twanunua kamera za dijitali, ama kwa ajili ya arusi na Maulidi, ama vijana wetu wapate kuzifanya chombo cha riziki. Aghalabu fedha yake imewekwa akiba kwa miezi mingi. Basi yafaa kujua la kufanya iwapo chombo kimetoka dukani kipya, nacho kina kasoro tangu kiwandani.

Wala yasidhaniwe kwamba jina kubwa ni kinga. Mwezi wa Septemba 2012 kampuni ya Nikon ya Japani ilitoa kamera iitwayo D600. Si muda mrefu wanunuzi wakaona madoa meusi katika picha zao, khasa penye mbingu. Vumbi na mafuta yalikuwa yakikusanyika juu ya kihisi, yaani kibao cha ndani kipokeacho nuru. Oktoba 2013 ikatoka D610, yenye shata mpya. Hatimaye Februari 2014 kampuni ikatangaza kwamba itazikagua D600, kuzisafisha na kuzibadilisha shata bure, hata ikiwa muda wa dhamana umekwisha. Mwezi uliofuata, baada ya televisheni ya taifa ya China kulieleza jambo hili, wakuu wa Shanghai waliamuru kamera hiyo isiuzwe. Wenye kudai hawakuja na maneno matupu: walikuwa na picha za kuonyesha.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu waijaribu kamera siku ile ile ya kuinunua. Kwanza, namba iliyo juu ya kamera ilinganishwe na ya sanduku na ya hati ya dhamana. Pili, tundu la lenzi lifinywe hadi namba 16 au 22, ipigwe picha ya ukuta mweupe au mbingu; uchafu wa kihisi utaonekana kama madoa. Tatu, lenzi ifunikwe kwa kifuniko chake, ipigwe picha ya sekunde kadhaa. Vitone vya rangi ving'aavyo gizani ni dalili ya kasoro katika kihisi. Risiti, sanduku na picha hizo zihifadhiwe.

Fiqhi nayo yatupa haki iitwayo khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa mali, naye hakuijua, aweza kuirudisha na kurejeshewa fedha yake. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, haki hii ni ya papo hapo. Mwenye kuiona aibu, kisha akaendelea kukitumia kitu bila ya udhuru, haki yake imeanguka. Na ikizuka aibu nyingine mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kukipokea. Basi kijana asiifungue kamera kwa bisibisi, wala asimpe fundi wa mtaani; airudishe upesi, kwa maneno ya upole.

Muuzaji naye ajue kwamba kibao kisemacho mali ikiuzwa hairudishwi hakimtoi katika dhima ya aibu aliyoijua akaificha. Hali kadhalika mnunuzi aliyeshindwa kurudishiwa fedha yake asimwuzie jirani kamera hiyo pasipo kumweleza kasoro yake. Aliyedhulumiwa asigeuke akawa mdhalimu.