Kifungua kinywa cha mtoto: Andaa usiku, pika asubuhi

Katika nyumba nyingi hakuna wakati wenye haraka kama asubuhi. Baba anawahi daladala, wakubwa wanawahi shule, mama naye ana kazi au biashara yake inayomsubiri, na katikati ya purukushani hiyo yupo mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeamka na njaa. Aghalabu anachopata ni chai ya rangi na kipande cha andazi, au uji uliopikwa jana usiku ukahifadhiwa kwenye chupa ya chai. Hapa hatuwezi kusema mama ni mvivu, kwani amejitahidi kuandaa mapema. Tatizo lipo katika kile alichokiandaa. Leo tuangalie kipi kinafaa kutayarishwa tangu usiku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na kipi ni lazima kisubiri asubuhi.

Tuanze na kiporo. Wengi wetu tumekuzwa nacho, na wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu una wapenzi wake hadi leo. Lakini tumbo la mtoto mdogo si sawa na la mtu mzima. Chakula kilichopikwa kikikaa juu ya meza usiku kucha katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, vijidudu huzaliana humo kwa saa nyingi mfululizo. Yupo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hupatikana sana kwenye mchele na nafaka nyingine, na mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Chakula kikipoa polepole mbegu hizo huamka, na baadhi yake hutoa sumu isiyoondoka hata chakula kikichemshwa upya. Hivyo basi, yule anayesema "nimekipasha vizuri, hakina neno" amejipa matumaini kupita kiasi.

Chupa ya chai nayo inadanganya. Chakula ndani yake ni salama ikiwa joto lake halishuki chini ya nyuzi 60 za sentigredi, na chupa zetu nyingi, hasa zile zilizolegea kizibo, haziwezi kufika alfajiri zikiwa na joto hilo. Uji wa vuguvugu ndio mazingira ambayo vijidudu vinayapenda zaidi. Chakula cha mtoto kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2.

Sasa mama afanye nini? Jibu ni kwamba kazi inayokula muda asubuhi kwa kawaida si kupika. Uji wa mtoto mmoja huiva kwa dakika 15 hivi. Kinachochelewesha ni kutafuta unga, kuchambua, kutwanga, kumenya na kuosha vyombo. Hayo yote yanaweza kufanyika usiku, au hata siku ya mapumziko kwa ajili ya wiki nzima.

Unga wa lishe

Imekuwa mazoea kwamba unga wa lishe ni ule wenye nafaka nyingi: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vikasagwa pamoja na kujazwa kwenye ndoo ya miezi 3. Kwa maoni yetu wingi huo wa nafaka hauna faida kubwa. Mahindi, mtama na mchele vinafanya kazi inayokaribiana. Nafaka moja au mbili pamoja na jamii ya kunde moja inatosha. Soya isisagwe mbichi, kwani ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini yake; ichemshwe kwanza, ikaushwe, ndipo isagwe.

Karanga ziwekwe mbali na unga. Mafuta yake huchacha, na zikipata unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, sumu ambayo haiishi kwa kupika. Hili si jambo la kutishana tu. Mwaka 2004 nchini Kenya sumukuvu katika mahindi iliua watu 125, na mwaka 2016 katika mikoa ya kati ya Tanzania walifariki watu wapatao 20. Chagua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, zikaange, kisha twanga za siku chache tu mpaka zilainike kabisa. Karanga nzima asipewe mtoto wa umri huu, kwani zinaweza kumkaba.

Dagaa pia waandaliwe mapema: toa vichwa, osha mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wakauke, twanga na chekecha. Unga huo ukiwekwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko hudumu. Mtoto asiyezoea atakunja uso akisikia harufu yake, hivyo anza na chembe kidogo sana na uongeze taratibu.

Siri ya kimea

Uji mwepesi ni maji yenye rangi. Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa kabla mwili haujapata kitu. Uji mzito nao unamshinda kumeza. Bibi zetu walilijua suluhisho, na wataalamu wa lishe nchini Tanzania walilifanyia utafiti katika miaka ya 1980: kimea.

Chukua ulezi, uoshe na uloweke usiku mmoja. Mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uufunike siku 2 au 3 mpaka uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, usugue machipukizi yatoke, kisha usage. Ukitumia mtama, kuondoa machipukizi na mizizi ni lazima kwa sababu yana sumu. Asiye na uhakika abaki na ulezi.

Asubuhi, koroga vijiko 4 vya chakula vya unga wa kawaida katika kikombe kimoja cha maji, upike uive uwe mzito. Epua, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Uji utalainika mbele ya macho yako bila kuongeza hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kisha tia karanga zilizotwangwa na ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari. Mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa mlo.

Wanaopenda uji mchachu waloweke unga jioni na kijiko cha uji mbichi wa chachu uliobakizwa jana, wafunike na wapike asubuhi. Ukali ule huzuia vijidudu vingi.

Asiyetaka uji kila siku amenyewe viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, vikatwe vipande vyembamba na vilale kwenye maji safi. Asubuhi vinaiva upesi, pembeni yai la kuchemsha. Vipande virefu anavyoweza kushika mwenyewe humfurahisha kuliko kulishwa. Mwenye jokofu anaweza kuchemsha maharage au mbaazi, ayaponde, ayapoze haraka katika vyombo vidogo na kupasha kila kimoja mpaka kichemke, akitumia ndani ya siku moja au mbili.

Chai iachwe kwa wakubwa, kwani huzuia mwili kunyonya madini ya chuma, na upungufu wa damu kwa watoto wetu ni mkubwa tayari. Maji safi au maziwa yaliyochemshwa yanatosha. Anayenyonya bado aendelee kunyonya, kwani miaka miwili kamili imetajwa hata katika Qur'ani.

Mpe bakuli lake peke yake ili uone amekula kiasi gani. Akikataa chakula kipya usigombane naye. Mletee tena kesho na keshokutwa, kwani baadhi ya watoto hukubali baada ya kuonjeshwa mara 8 au 10. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyea ni vigumu kuisafisha mpaka kwenye chuchu. Mikono yako na yake ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na uji atakaobakiza bakulini, ambao mate yake yameshaingia, usiwekwe mpaka mchana.