Seva za nyumbani zapata fundi mpya

Kwa miaka mingi, kilichowazuia watu kuwa na seva nyumbani hakikuwa bei ya kompyuta. Raspberry Pi ya kwanza iliingia sokoni Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani, na kompyuta za mezani zilizostaafishwa maofisini Ulaya huuzwa Kariakoo na Nairobi kwa fedha ambazo mwalimu au mwenye duka la dawa anaweza kuzidunduliza. Programu nazo ni za bure: Linux yenyewe, Nextcloud ya kuhifadhi mafaili, Jellyfin ya filamu na muziki, Home Assistant ya kuongoza vifaa vya nyumbani, Immich ya picha. Ghali ilikuwa ujuzi. Ilibidi mtu ajue amri za terminali, anwani za IP, ruhusa za mafaili na vyeti vya usalama, na awe na subira ya kukesha akitafuta kwa nini kitu kilichofanya kazi jana leo kimegoma.

Gharama hiyo ndiyo iliyoporomoka. GitHub Copilot ilipoanza kuuzwa Juni 2022 kwa dola 10 kwa mwezi, kazi yake ilikuwa kumkamilishia mwandishi wa programu mistari aliyokwisha kuianza, jambo lisilomsaidia sana asiyeandika programu. Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Februari Anthropic ilitoa Claude Code, Aprili OpenAI ikatoa Codex CLI, na Juni Google ikaja na Gemini CLI yenye kiwango cha bure. Wasaidizi hawa wa akili mnemba hufanya kazi ndani ya terminali: husoma mafaili, huandika mipangilio, huendesha amri, na zikikataa husoma kosa lililojitokeza na kujaribu njia nyingine. Mtu huandika, kwa Kiswahili akipenda, kwamba anataka Immich, picha zikae kwenye diski ya pili, nakala zichukuliwe kila usiku, na kazi inaanza.

Sababu za kutaka seva yako mwenyewe zilikuwa zimeshajikusanya. Google ilifunga hifadhi ya bure isiyo na kikomo ya picha Juni 1, 2021. Broadcom ilimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, na miezi michache baadaye ikaondoa toleo la bure la ESXi, programu yake ya kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwenye mashine moja, lililotegemewa na wapenzi wengi wa seva. Toleo hilo lilirudi Aprili 2025, wakati wengi wao wamekwisha kuhamia Proxmox, programu ya kazi hiyohiyo ya kampuni ya Vienna. Plex, programu ya filamu na muziki kama Jellyfin, ilipandisha bei ya leseni ya maisha kutoka dola 120 hadi 250 mwaka 2025. Mwaka huohuo Synology ya Taiwan ilijaribu kuwalazimisha wanunuzi wa mashine zake mpya za hifadhi watumie diski ilizoziidhinisha, ikarudi nyuma Oktoba baada ya wateja kulalamika. Kisha Oktoba 14, 2025 Microsoft ikasitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi nzima ambazo haziruhusiwi kuingia Windows 11 zikakosa kazi. Kwa Linux bado zina miaka mingi mbele.

Tupige hesabu. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023, huvuta kama wati 10 isipokuwa na kazi nzito. Ikiwaka mwaka mzima inakula uniti 88 hivi. Kwa mteja wa TANESCO asiye katika kundi la matumizi madogo, anayelipa kama shilingi 350 za Tanzania kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni shilingi 31,000 kwa mwaka. Seva kuukuu ya ofisini inayovuta wati 150 ingekula uniti zaidi ya 1,300, yaani zaidi ya shilingi laki nne na nusu. Hiyo iachwe dukani hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Sasa linganisha na huduma za kulipia. Terabaiti 2 za Google nchini Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi, kama dola 120 kwa mwaka. Kifurushi cha kawaida cha msaidizi kama Claude, ChatGPT au Cursor ni dola 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka. Anayelipia msaidizi mwaka mzima ili aepuke kulipia hifadhi ya picha amezidisha bili yake maradufu. Busara ni kulipia mwezi mmoja au miwili ya ujenzi, kisha kusitisha na kurudi panapoharibika kitu. Ninashauri jambo moja zaidi: katika siku za mwisho za kifurushi, mwagize msaidizi aandike kwa lugha nyepesi kila alichosakinisha, kilipo, na namna ya kukirudisha. Waraka huo ndio mali utakayobaki nayo.

Fedha katika biashara hii zinakwenda kwa watengenezaji wa kompyuta ndogo wa Shenzhen kama Beelink na Minisforum, kwa wauzaji wa diski, na kwa wanaouza njia ya kuifikia seva ukiwa mbali. Njia hiyo ina uzito wa pekee kwetu. Intaneti ya simu na vifurushi vingi vya nyumbani Afrika Mashariki huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, na Starlink, iliyofika Kenya Julai 2023, hufanya vivyo hivyo kwenye vifurushi vyake vya kawaida. Seva iliyo nyuma ya anwani kama hiyo haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Tailscale ya Toronto, iliyojengwa juu ya itifaki ya WireGuard, na huduma ya Cloudflare Tunnel hutatua tatizo hilo, bure kwa matumizi madogo. Wawekezaji waliipa Tailscale dola milioni 160 Aprili 2025. Na mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini Mei 2024, mwenye mafaili kwenye mashine iliyo ofisini mwake aliweza kuendelea kuyafungua, huku yaliyohifadhiwa ng'ambo yakisuasua.

Ila akili mnemba iliyorahisisha ujenzi ndiyo pia inayopandisha bei ya vifaa. Vituo vya data vinanunua chipu za kumbukumbu kwa kasi inayowaachia wengine kidogo. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kumbukumbu na diski kwa wanunuzi wa kawaida, na Raspberry Pi 5 ya gigabaiti 16 ikapanda kutoka dola 120 hadi 145. Kwa mnunuzi wa leo, kompyuta iliyotumika yenye kumbukumbu yake ndani imekuwa na thamani zaidi.

Kisichoshuka bei hata kidogo ni uangalizi. Msaidizi anaweza kukupa seva inayofanya kazi vizuri huku iko wazi kwa dunia nzima. Mfano unaowanasa wengi ni Docker, programu ya kuendeshea huduma ndani ya makasha: poti inazozifungua hupita pembeni ya kanuni za ufw, faiwoli inayotumika sana kwenye Ubuntu. Mwenye seva anaona faiwoli imewaka, anaridhika, kumbe database yake inagongwa hodi na kila mtu. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilifunga mafaili kwenye mashine za hifadhi za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mhanga. Wadukuzi walioivamia LastPass, huduma ya kuhifadhi nywila, mwaka huo walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake, iliyokuwa na Plex yenye kasoro iliyorekebishwa tangu 2020, ila yeye hakuwa amesasisha. Msaidizi mwenyewe naye huteleza: Julai 2025 yule wa Replit, jukwaa la kuandikia programu, alifuta database ya mradi wa mwekezaji Jason Lemkin ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote.

Hapo ndipo naona riziki ya mafundi wetu. Kusakinisha hakutalipa tena kama zamani, kwa kuwa mteja anaweza kujaribu mwenyewe. Kutunza kutalipa: kusasisha kila mwezi, kupima afya ya diski, kuweka nakala rudufu moja nje ya jengo, na kurejesha mafaili kutoka kwenye nakala hiyo mbele ya mteja ili aone kwamba yanarudi. Shule, ofisi ya wakili na zahanati zinahitaji mkataba wa aina hiyo kuliko zinavyohitaji mashine mpya.

Wateja hao wana mzigo mwingine wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Zahanati inayoweka rekodi za wagonjwa kwenye mashine yake ndiyo inayowajibika kwazo. Na wasaidizi wa akili mnemba hawafikirii ndani ya mashine hiyo: faili wanalolisoma hutumwa kwenye seva za kampuni husika, kwa kawaida nje ya nchi, na sheria zote mbili zimeweka masharti ya kusafirisha taarifa namna hiyo. Ujenzi ufanywe kwa mafaili ya majaribio, na rekodi za wagonjwa ziingizwe baada ya msaidizi kuondolewa ruhusa.