Mtoto Anapozaliwa: Mizani Pekee Haitoshi

Kila mwanachama aliyewahi kupeleka kahawa au pamba chamani anajua kazi ya mizani. Anajua vilevile kuwa mizani husema uzito tu. Ubora wa zao hutazamwa kwa macho na kushikwa kwa mkono kabla halijapangiwa daraja. Mtoto mchanga naye hukaguliwa kwa njia zote mbili, ili ijulikane kama alipata lishe ya kutosha tumboni mwa mama yake.

Kipimo cha kwanza ni uzito. Mtoto hupimwa katika saa za mwanzo, kwani siku chache zinazofuata hupungua kidogo, na hilo ni jambo la kawaida. Aliye chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba watoto hao hawafanani. Yuko aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, ambaye ni mdogo kwa kuwa siku zake hazikufika. Yuko pia aliyetimiza miezi yake lakini akakosa lishe tumboni, pengine kwa sababu mama alikuwa na utapiamlo, malaria au shinikizo la damu. Bila kujua tarehe ya hedhi ya mwisho ya mama, ni vigumu kuwatofautisha.

Tena wapo waliotimiza miezi na kuzidi gramu 2,500, lakini wamekonda. Hao ndio wasahaulikao kwa urahisi. Mwaka 1994 Dakta Jack Metcoff wa Marekani alieleza njia isiyohitaji mashine. Hutazamwa nywele, mashavu, shingo na kidevu, mikono, mgongo, matako, miguu, kifua na tumbo. Kila sehemu hupewa alama 1 hadi 4. Aliyenawiri kabisa hupata 36. Apataye chini ya 25 huhesabiwa kuwa alipungukiwa lishe. Ngozi iliyolegea na kujikunja matakoni na mapajani ni dalili mojawapo.

Mtoto wa namna hiyo ana akiba ndogo mwilini. Aweza kupatwa na baridi au kuishiwa sukari katika damu kwa saa chache tu, ingawa mizani ilimpitisha. Apasa kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza, wala maziwa ya mwanzo ya manjano yasimwagwe. Na alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa vema.

Makatibu wanaombwa kuyaeleza haya katika mikutano ya wanachama. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, na tarehe zake ziandikwe kadini. Wakati wa mavuno asiachiwe kubeba magunia. Na aliyejifungulia nyumbani apelekwe kituo cha afya pamoja na mtoto siku ile ile, bila kungoja dalili ya ugonjwa.