Ndia Kuu: Nusu marathoni na somo la lahaja

Kwa watu wa Gusii, mbio si jambo la kukopa kwa jirani. Kabla Bonde la Ufa halijatwaa sifa zote zinazotajwa leo, Nyandika Maiyoro alikwisha kuiwakilisha Kenya kule Vancouver mwaka 1954, akamaliza wa nne katika mbio za maili tatu. Ni Naftali Temu, mzawa wa milima hii hii, aliyeiletea nchi yetu nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000, mjini Mexico mwaka 1968. Naye Yobes Ondieki akawa mwanadamu wa kwanza kuyamaliza masafa hayo chini ya dakika 27, mwaka 1993. Majina haya nimekua nayo Keroka, yakitajwa sokoni na vilingeni kama yatajwavyo majina ya mababu.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa aliponiona, mimi mwalimu wa isimu niliyekwisha kuota kitambi, nikikimbia alfajiri kandokando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, kati ya mashamba ya chai. Ukitoka upande huu wa mji uko Kaunti ya Kisii, ukienda upande ule uko Nyamira, na viongozi wa kaunti hizo mbili wamegombania mpaka huo na ushuru wa soko kwa miaka mingi. Mkimbiaji huuvuka mpaka huo mara kadhaa kabla ya kifungua kinywa, bila kulipa ushuru popote. Kilichowashangaza watu ni nilipowaambia kwamba najiandaa kwenda kukimbia Mombasa, penye joto na fukuto, tena nikiandamana na mpwa wangu wa kidato cha tatu.

Nilikuwa na sababu yangu. Mbio za uwanjani ni za kuzunguka, bali mbio za barabarani hupita mahali, na mahali pana habari zake. Msomaji na akumbuke Roma mwaka 1960. Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki pekupeku, usiku, katika mji ule wa kale, na njia yake ikapita karibu na mnara wa mawe wa Aksum, ambao majeshi ya Mussolini yalikuwa yameung'oa Ethiopia na kuusafirisha Italia mwaka 1937. Mwana wa nchi iliyoporwa akapita chini ya kitu kilichoporwa, akashinda. (Katika michezo hiyo hiyo Maiyoro wetu alimaliza wa sita katika mita 5,000.) Mnara wenyewe haukurudishwa kwao hadi mwaka 2005. Mtu asiyeijua historia ya jiwe lile aliona mkimbiaji na jiwe tu.

Hata neno lenyewe, marathoni, lina habari zake. Ni jina la mahali huko Uyunani, nalo latokana na mmea ambao sisi twauita shamari. Masafa ya kilomita 42 na mita 195 yalitumiwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Nusu yake, kwa hesabu kamili, ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, na naapa kwamba ile nusu ya mita ya mwisho niliihisi.

Tulikimbia mwaka 2023, katika mbio ndogo za hisani zilizopita ndani ya kisiwa cha Mombasa. Tulianza kabla jua halijapanda, upepo wa bahari ukivuma. Tulipita chini ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa zaidi ya miaka miwili, na ambayo Waingereza waliigeuza kuwa jela kabla haijawa makumbusho. Mpwa wangu aliijua kutokana na kitabu cha historia, akaniashiria kwa kidole bila kupunguza mwendo. Kisha akaniacha. Vijana wa milimani wakishuka pwani, mapafu yao hufurahi, na sikumlaumu.

Baada ya ngome hiyo tuliingia Mji wa Kale, katika barabara iitwayo Ndia Kuu. Ni nyembamba, nyumba zake zina roshani za mbao zilizochongwa, na watu walikuwa wamesimama vizingitini wakitushangilia. Bibi mmoja mwenye leso, aliyekuwa na jagi la maji na vikombe, alikuwa akimpungia mkono kila aliyeonekana kuchoka: "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nilisogea, nikanywa, nikamshukuru, nikaendelea kukokota miguu.

Tulipokutana mwishoni (yeye alikwisha kupumzika, akala na ndizi mbili), mpwa wangu aliniambia kwa mshangao: "Mjomba, kulikuwa na bibi pale anayetangaza ndoo, lakini mimi sikuona ndoo yoyote. Alikuwa na jagi tu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nazo zilikuwa zimekwisha kuuma. Nikamweleza kwamba ndoo ya bibi yule ni njoo. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, penye nj ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa pana nd: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Vivyo hivyo ch huwa t: macho ni mato, na kucheka ni kuteka. Ile barabara aliyoikimbia, nikamwambia, maana yake ni Njia Kuu.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika jaribio moja la ushairi shuleni mwao walipewa shairi la mshairi wa Mombasa, wakatakiwa waeleze jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Yeye alilichomoa neno ndia, akaandika kwamba mshairi amelibadilisha neno njia kwa kutumia tabdila ili apate urari wa vina. Akapewa alama zote.

Walimu wenzangu, tulitafakari jibu hilo. Ndia na njia zote zaishia kwa -ia, kwa hiyo kina hakikuongezeka wala kupungua. Mizani ni ile ile. Mshairi hakubadilisha kitu. Aliandika neno kama alivyolisikia kwa mamake, na kama lilivyoandikwa kwenye kibao cha barabara. Kijana amefunzwa kuiona lugha ya mji mzima kuwa ni hila ya mtu mmoja aliyebanwa na kina, na alama alizopewa zimemthibitishia hivyo. Simlaumu mwalimu wake, kwa kuwa naye alifunzwa hivyo. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, na jibu hili nalifahamu kama nilifahamuvyo jina langu: kila neno la Kimvita au la Kiamu likitokea katika shairi huitwa inkisari, tabdila, au, lililo baya zaidi, kuboronga sarufi.

Tumefikaje hapa? Kinaya ni kwamba safari hii ilianzia Mombasa kwenyewe. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano katika mji huo kuamua ni lahaja gani itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza Afrika Mashariki. Wamishonari waliokuwa Mombasa walikitetea Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi. Wale wa Unguja walikuwa wamekwisha kuandika vitabu vingi kwa Kiunguja, ambacho pia kilikuwa kimesafiri bara pamoja na misafara ya biashara. Kiunguja kikashinda. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi ya kukisanifisha. Kwa maneno mengine, wenyeji wa Mombasa walipokea wageni waliokuja kukata shauri kwamba lugha ya wenyeji hao haitakuwa ya darasani.

Sisemi kwamba shauri lile lilikuwa baya. Bila usanifishaji, gazeti hili lisingesomeka Keroka, Tanga na Bukavu kwa siku moja, wala mimi nisingefundishwa somo ambalo leo ndilo riziki yangu. Mtahiniwa na aandike insha yake kwa Kiswahili sanifu. Lakini lahaja kukosa kuchaguliwa si lahaja kuwa kosa. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi yapata mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita kabla ya mtu yeyote kuwaza kamati, na tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa mji huo huo, aliyezikusanya pamoja na mmishonari William Taylor. Abdilatif Abdalla aliitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, ikachapishwa mwaka 1973, na Kimvita kimejaa humo. Yeye alikijua Kiswahili sanifu vizuri kabisa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba alishindwa na vina ni utovu wa adabu.

Wapo watakaoniuliza: yanatuhusu nini haya sisi wa Keroka, ambao Kiswahili chenyewe tunakipata shuleni? Yanatuhusu sana. Njia kwa Ekegusii ni enchera. Weka maneno matatu ubaoni, njia, ndia, enchera, nawe utaona ndugu watatu waliozaliwa nyumba moja. Wakikuyu wana njĩra, Wakamba wana nzĩa, na huko kusini kabisa Wazulu wana indlela. Wataalamu wa lugha za Kibantu husema kwamba neno hili zamani lilikuwa na konsonanti katikati, yenye mlio wa karibu na l. Waswahili, wa Unguja kwa wa Mombasa, wameipoteza. Ekegusii kimeitunza, kwa sura ya r.

Mwanafunzi mbishi ataomba ushahidi kwamba Kiswahili kiliwahi kuwa na l hiyo, na afanye hivyo. Ushahidi anao mdomoni. Vitenzi vingi vya Kiswahili vinavyoishia kwa irabu mbili huificha l, nayo hujitokeza katika kauli ya kutendea: kaa, kalia, vaa, valia, fungua, fungulia, pokea, pokelea. Tunawakaririsha watoto mabadiliko haya kama kanuni kavu ya sarufi, na wao huuliza hiyo l imetoka wapi. Haikutoka popote, ilikuwamo. Mtoto wa Kigusii asemaye korera kwa maana ya kulia anayo konsonanti ambayo mwenzake wa Unguja huipata tu akisema lilia. Mtoto huyo, ambaye katika shule nyingi nilizozijua alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mamake, alikuwa amebeba kinywani kipande cha historia ya Kiswahili ambacho Kiswahili chenyewe kimekidondosha njiani.

Ndiyo maana nasema kwamba makosa haya mawili, la kuadhibu Ekegusii na la kukiita Kimvita uhuru wa mshairi, ni kosa moja. Yote mawili hudhani kwamba Kiswahili kilizaliwa ndani ya kitabu cha kiada. Nimeona shule za kwetu zikiwapeleka wanafunzi Mombasa kwa basi, safari ya usiku kucha; wanapigwa picha mbele ya ngome, wanaloweka miguu baharini, wanarudi. Gharama yote hiyo, na hakuna anayewaambia wasome kibao cha Ndia Kuu wala wakae barazani nusu saa na wazee wakisikiliza. Mimi nimeukimbia mji huo kwa saa mbili na dakika kumi na saba, muda ambao si wa kujivunia kwa mzawa wa nchi ya Temu, na hata kwa mwendo huo wa kinyonga nilifundishwa somo zima na bibi mwenye jagi.

Nililisimulia jambo hili kwa mwalimu mmoja rafiki yangu, aliyekuwa akifundisha kidato cha pili si mbali na Keroka. Wiki iliyofuata aliwaagiza wanafunzi wake waulize nyumbani neno la njia kwa kila lugha inayosemwa na jamaa, jirani au wachuuzi wa sokoni. Ubao ulijaa. Kulikuwa na enchera zilizoletwa kutoka pande zote mbili za mpaka wa kaunti, bila tofauti hata ya herufi. Binti mmoja alisimama akauliza kwa nini neno lao lina r na la Kiswahili halina. Kengele ililia mwalimu akiwa ndiyo kwanza ameandika kaa na kalia, akawaagiza watafute nyumbani vitenzi vingine kumi vya aina hiyo.