Viungo vya Mpunga na Majina Yake

Lugha yetu hulitaja zao moja kwa majina matatu: likiwa shambani au lingali na maganda ni mpunga, likikobolewa ni mchele, likipikwa ni wali. Jambo hili wanafunzi wa Kiswahili walijua sana. Lakini mmea wenyewe nao una viungo na hatua zake, na hapo kamusi husema machache. Tueleze basi mpunga ukuavyo, kama ulimwavyo Ifakara na katika bonde zima la Kilombero.

Punje ikiota hutoa kwanza ala nyembamba ya kulinda chipukizi, kisha jani lisilo na bapa, ndipo yafuatapo majani kamili. Jani kamili lina ala, iliyolizunguka bua kama ala ya upanga, na bapa lililotanda nje. Zikutanapo pana kijingozi chembamba, tuwezacho kukiita ulimi, na pembe mbili ndogo zenye vinyweleo, yaani masikio. Viungo hivi ni vidogo, lakini mpalizi avihitaji. Gugu liitwalo na wataalamu Echinochloa colona, lifananalo mno na mpunga mchanga, halina ulimi wala masikio. Asiyelitambua hung'oa chakula chake akaliacha gugu.

Majani huzaliwa katika ncha ya bua, moja upande huu na jingine upande wa pili. Mmea uwapo mchanga, jipya hutokea kila baada ya siku 4 au 5 hivi. Machipukizi nayo hayazuki ovyo. Katayama, mtaalamu wa Japani, alionyesha mwaka 1951 kwamba jani la 5 litokeapo, chipukizi hutoka katika kwapa la jani la 2, na utaratibu huo huendelea vivyo hivyo kwenda juu.

Siku 30 hivi kabla ya suke kuchomoza, ncha ile huacha kutoa majani ikaanza kuumba suke. Muda huu haupishani sana kati ya aina na aina: mpunga wa Supa huchelewa kuliko SARO 5 hasa kwa sababu hukaa zaidi katika kutoa majani.

Baadaye suke huivimbisha ala ya jani la mwisho, na wakulima husema mpunga umebeba mimba. Usemi huu ni mzuri, ila wataja mimba iliyokwisha kukua. Matawi ya suke huwa yamekwisha kuumbwa ndani, na mbolea itiwayo wakati huo haiwezi tena kuyaongeza. Mkulima aambiwaye atie mbolea "kabla ya mimba" hajaambiwa siku.

Lugha yenyewe yatupa njia. Mimba hutungwa kabla ya kubebwa. Basi hatua ile ya kwanza, iliyofichika ndani ya ala, yafaa iitwe kutunga mimba, na ile ionekanayo ibaki kuwa kubeba mimba. Maneno yote mawili mkulima wa Kilombero anayo tayari. Kazi yetu ni kuyaweka mahali pake.