Zumari si Filimbi: Fasili ya Ala za Kupulizwa na Soko la Mji wa Kale

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili wa ala za kupulizwa una mpangilio wake, na kwamba mpangilio huo hudhoofika pale fundi anapokosa mteja wa kumlazimu kuutumia. Mfano wetu ni Mji wa Kale wa Mombasa, hasa Ndia Kuu, barabara iliyo jirani na Ngomeni. Jina lenyewe ni ushahidi wa lahaja: Kimvita husema ndia pale Kiswahili Sanifu kisemapo njia. Ikiwa jina la barabara limehifadhi sauti, yafaa tuulize majina ya ala yamehifadhi nini.

Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walizigawa ala hizi katika makundi makuu matatu kwa kuzingatia jinsi sauti inavyozaliwa. Katika kundi la kwanza pumzi hugonga ukingo wa tundu. Katika la pili hutikisa ulimi mwembamba. Katika la tatu ni midomo ya mpulizaji yenyewe itikisikayo. Majina ya Kiswahili yaafikiana vyema na mgawanyo huo. Filimbi na nai ya taarabu ni za kundi la kwanza. Humo pia huingia chivoti ya Wadigo, ambao chi- yao ndiyo ki- yetu. Zumari ni ya kundi la pili. Siwa, baragumu, panda na mbiu ni za kundi la tatu.

Wako wanaolalamika kwamba neno filimbi lina utata, kwa kuwa hutaja ala ya mwanamuziki na vilevile kipenga cha mwamuzi wa mpira. Lakini vyote viwili hulia kwa ukingo, hata neno moja halikukosea kuviunganisha. Kosa liko katika fasili isemayo kuwa zumari ni "aina ya filimbi". Fasili hiyo huangalia umbo, yaani bomba lenye matundu, na kusahau sauti.

Zumari, iliyotokana na mzizi wa Kiarabu z-m-r na ambayo hutamkwa pia nzumari, ni bomba la mti lenye mdomo uliopanuka. Kichwani huwa na kijibomba cha chuma, na juu yake ulimi wa jani kavu la jamii ya mnazi uliokunjwa na kufungwa uzi. Midomo huegemea kisahani, ulimi ukawa ndani ya kinywa. Mpulizaji hujaza mashavu pumzi, akaisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, hata sauti isikatike. Ulimi huo huchakaa upesi, na bomba lisilo na ulimi ni kipande cha mti tu.

Tofauti hiyo ina matokeo katika biashara. Tuchukulie fundi mwenye karakana ndogo Ndia Kuu, na wateja watatu. Mnunuzi wa filimbi huijaribu, akalipa, akaenda zake. Mpiga zumari wa ngoma za arusi hurudi mara kwa mara kwa sababu ya ulimi, na kila arudipo hana budi kueleza: ni mzito, umepasuka, haushiki sauti. Mazungumzo hayo ndiyo shule ya istilahi. Mteja wa tatu ni mgeni atakaye kitu cha ukumbusho. Yeye hutazama nakshi, wala hajali ala italia au haitalia. Kwake muuzaji aweza kuita kila bomba filimbi, na biashara ikaendelea. Mpiga zumari akiadimika, majina ya sehemu zake hayana tena wa kuyataja.

Itasemwa kwamba lugha huhifadhi maneno hata vitu vikitoweka. Ni kweli kwa kiasi. Mbiu ingali hai katika methali "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo" na katika kupiga mbiu kwa maana ya kutangaza. Baragumu lingali hai katika tafsiri za Qurani, na parapanda katika Biblia. Lakini yaliyosalia ni majina ya ala nzima. Majina ya ulimi, kisahani na kijibomba hayana methali ya kuyabeba. Hata kitenzi hakisaidii, kwani kupiga hutumika kwa ngoma, zumari na hata mbinja, ambayo haina ala kabisa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, mtunga kamusi afasili ala za kupulizwa kwa namna ya kuzaa sauti, kisha ndipo ataje umbo. Pili, mkusanyaji wa msamiati aende karakanani pamoja na mpigaji, wala asiende kwa muuzaji peke yake, kwa kuwa neno la sehemu ya ala hutamkwa pale sehemu hiyo inapoharibika.