Kamera ilisema saa 8 usiku, kumbe ilikuwa saa 2 asubuhi



Kuna kijana anafungua duka la pili la vifaa vya simu, juzi kaniuliza anunue kamera ngapi. Nikamwambia asubiri kwanza nimsimulie yaliyompata Babu. Na kwa kuwa najua wengi wenu hapo kafe mna ndoto ya biashara, au mnapata riziki kwa kufunga vifaa hivi, nimeona niyaweke hapa tuyasome wote.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa fundi kompyuta wa jamaa mmoja pale Kariakoo. Mwanzo alikuwa na duka moja tu. Ulinzi wake ulikuwa kufuli mbili, mlinzi wa usiku na macho ya bosi mwenyewe. Ulitosha kabisa, maana bosi alimjua kila mtu aliyeshika ufunguo. Biashara ikakubali. Likaja duka la Mwenge, kisha stoo Tabata. Bosi hawezi kuwa sehemu tatu kwa wakati mmoja, akaanza kununua mitambo. Kamera kafunga fundi mmoja. King'ora kikaletwa na watu wengine. Mlango wa stoo ukawekwa kufuli la umeme linalofunguka kwa kadi, fundi wa tatu huyo. Kila mtambo na programu yake na neno lake la siri. Mlinzi naye akabaki na daftari lake la karatasi.

Jumatatu moja tunahesabu mzigo, katoni mbili za hadi diski hazipo. Ijumaa zilikuwepo. Bosi kafungua kamera ya ndani ya stoo, na kweli, usiku wa kuamkia Jumamosi, saa ya kwenye picha inasoma 02:20, watu wanabeba katoni. Sura hazionekani vizuri. Saa 8 usiku! Nani alikuwa zamu? Babu. Mtu mzima, tuliyezoea kumwamkia kila jioni. Alichukuliwa mbele ya majirani, akalala kituoni siku mbili. Alichokuwa anasema ni kimoja tu: "Wanangu, usiku ule mlango haukufunguliwa."

Mimi nilitumwa kunakili zile picha ziwe ushahidi. Nikasema ngoja niangalie na kumbukumbu za kadi. Saa 8 usiku hakuna kadi iliyofungua mlango. Ila saa 2 na dakika 20 asubuhi, kadi ya mtunza stoo ilifungua, na hati ya mzigo kwenda Mwenge ipo, imesainiwa. Tofauti ni saa 6 kamili. Ndipo likanijia. Wiki chache kabla umeme ulikatika, na rekoda ya kamera ilikuwa na betri ya ndani iliyokufa, kwa hiyo saa yake ikapotea. Kijana mmoja akaambiwa airekebishe. Akauliza saa ngapi, akajibiwa saa tatu, akaandika 03:00. Ilikuwa asubuhi jamani! Stoo haina dirisha, taa inawaka mchana na usiku, nani angejua?

Baada ya kurekebisha zile saa 6 tukaona na mwizi. Jumapili saa 10 jioni, hakuna mlinzi wa mchana, mlango umefunguliwa kwa kadi ya mfanyakazi aliyeacha kazi miezi miwili nyuma. Jina lilifutwa kwenye mishahara, kwenye mlango halikufutwa. Taarifa zote tulikuwa nazo tangu Jumatatu asubuhi. Zilikuwa kwenye mitambo isiyojuana.

Sasa nije kwenye somo. Watu wakisikia kuunganisha mifumo ya ulinzi wanadhani ni kununua programu ya mamilioni. Hiyo inakuja mwishoni, tena ukiwa na uwezo. Kuna mambo manne ya kuanza nayo, na mengi hayana gharama kubwa.

Kwanza, saa moja kwa mitambo yote. Rekoda nyingi za kamera na mitambo ya kadi ina sehemu ya kuchukua saa kwenye mtandao yenyewe. Iwashe, weka majira yetu ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya dunia. Usiwaachie watu kuandika saa kwa mkono, mmeshaona kilichotokea. Kwenye daftari la mlinzi iandikwe asubuhi, mchana au usiku kila mara. Kagua kila mwezi, na kila umeme ukikatika.

Pili, orodha moja ya watu. Mtu akiajiriwa au akiacha kazi, karatasi ileile inayomtoa kwenye mshahara imtoe kwenye kadi, kwenye namba ya siri ya king'ora na kwenye kamera za simu. Funguo za chuma nazo zihesabiwe. Na usiweke kadi moja ya kutumiwa na wote, maana siku ya tatizo haitakuambia nani aliingia.

Tatu, mlango na kamera vizungumze, lakini kwa adabu. Mlango ukifunguliwa usiku, kamera ya hapo iweke alama kwenye picha na simu ya msimamizi ilie. Ukinunua kamera mpya uliza kama inafuata ONVIF, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Hapo hulazimiki kununua kila kitu kwa muuzaji mmoja. Kufuli za umeme nazo ni za aina mbili. Ile ya sumaku hushika umeme ukiwepo, ukikatika inaachia, kwa hiyo bila betri ya akiba stoo yako iko wazi kila umeme ukienda. Nyingine hubaki imefungwa hata umeme ukienda. Yoyote utakayochagua, aliye ndani lazima aweze kutoka bila kadi, na king'ora cha moto kikilia milango ya kutokea iachie. Mwaka 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua na watu 146 walikufa, na mlango mmojawapo wa kutokea ulikuwa umefungwa. Mzigo unanunuliwa tena, mtu je?

Nne, ukishaunganisha kwenye mtandao umefungua mlango mwingine. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na rekoda nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yale ya "admin" mnayoyajua. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuiangusha kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera wala hawakujua. Kwa hiyo badilisha neno la siri siku ileile ya kufunga, na kamera ziwe kwenye mtandao wao, zisichanganywe na kompyuta za mauzo au intaneti ya wateja. Rekoda ifungiwe mahali pa siri, maana mwizi mjanja huondoka nayo. Pia kumbuka Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha na alama za vidole vya watu si zako za kuchezea au kurusha kwenye magrupu.

Yule kijana nilimjibu hivi: nunua kamera chache, ila hakikisha saa yake na ya mlango inasoma sawa, na chagua mtu mmoja wa kulinganisha kumbukumbu zote kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Babu aliachiwa. Bosi alimwomba radhi na kumlipa zile siku. Babu alishukuru, akachukua tochi yake na redio yake, akaondoka, na hakurudi tena kazini. Mpaka leo nikipita Tabata namkumbuka.

Wenye uzoefu wa kufunga hii mitambo, au mliowahi kusingiziwa na kamera, mwageni maoni hapo chini. Naomba kuwasilisha.